Re: Negativu za marehemu mzee zina ukungu, nizioshe kabla ya kuskani?

Mkuu usioshe! Mi niko Ngamiani hapa, negativu za kwetu, zile filamu za picha za zamani, zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati miaka na miaka, na unyevu huu wa Tanga unaujua, nikajitia fundi nikazamisha ukanda mmoja kwenye maji, harusi ya mjomba ikateleza yote kama utando wa maziwa, kikabaki kiganja cha bi harusi na hina yake. Shangazi hajanisamehe mpaka leo. Fangasi ikishakula ule upande usiong'aa wenye picha, maji yanamalizia.

We nunua kile kipira cha kunyonyea makamasi ya mtoto, famasi kipo, pulizia vumbi taratibu, shika ukanda kwa kingo tu, basi uskani. Dpi (nukta kwa inchi, unaichagua kwenye skana) 2400 inatosha, fremu moja ya filamu ya 35mm inakupa kama megapikseli 7 na ushee. Za rangi washa ile infraredi ya skana, mwanga usioonekana kwa macho, wa kufuta vumbi, ila za black and white izime kabisa, maana madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu yanaizuia infraredi, skana inadhani picha nzima ni uchafu, utapata nyuso za ajabu. Zikinuka siki anza nazo hizo, zinaoza.