Muulize Fundi: Nikiondoa kidole, taa zinacheza ovyo

SWALI: Jambo Papa Fundi. Nina kadi ya FPGA (chipu unayoipanga mwenyewe iwe saketi unayotaka) na Arduino Uno (kadi ndogo inayoendesha programu yako). Nimetoa waya kwenye mguu mmoja wa Uno hadi mguu mmoja wa FPGA, ili Uno itume mapigo na FPGA iyahesabu kwenye taa zake nane. Nikishika waya kwa kidole, hesabu inaenda karibu sawa. Nikiuachia, taa zinacheza ovyo. FPGA inapata umeme kwenye kompyuta yangu ya mkononi, Uno kwenye chaja ya simu. Chipu imekufa?
Mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Haijakufa, mwanangu. Bado. Soma tena ulichoandika: umetaja waya mmoja tu. Wa masi, yaani ule wa sifuri ya volti, ulioandikwa GND kwenye kadi, uko wapi?

Volti hupimwa kutoka mahali fulani. Uno ikituma volti 5, inahesabu kutoka masi yake; FPGA nayo inasikiliza kutoka masi yake. Kompyuta na chaja hazikutani popote, na kidole chako kilikuwa kinajaribu kuziba pengo hilo, maskini. Unganisha GND na GND kabla ya waya mwingine wowote. Ukibomoa, huo uwe wa mwisho kutoka.

Lakini usiwashe kwanza! Uno inatoa volti 5, na miguu ya FPGA nyingi za leo inavumilia 3.3 tu. Mimi nilichoma mguu wa kadi yangu ya kwanza namna hiyo hiyo. Hapakuwa na moshi wala harufu. Ulibaki tu unasoma 1, yaani "kuna volti", mchana na usiku, hata nikiufunga kwenye masi. Kadi ninayo mpaka leo, na mguu ule nimeupaka rangi ya kucha ya mke wangu ili nisiusahau. Alidai chupa mpya.

Kwa hiyo weka rezista (vipande vya kupunguza umeme) mbili: ya omu 1000 kati ya Uno na mguu wa FPGA, ya omu 2000 kutoka mguu huo hadi masi. Theluthi mbili za 5 ni 3.3. Pima kwa multimeta kabla ya kugusisha FPGA. Kwa mapigo ya polepole kama yako inatosha kabisa. Siku FPGA itakapomjibu Uno, volti 3.3 zitasomeka kama 1, kwa sababu Uno inadai 3 tu; ila weka rezista ya omu 1000 katikati. Umeme ukikatika, na unajua unavyokatika hapa kwetu, chaja inazima lakini kompyuta ina betri, na FPGA itaanza kulisha Uno iliyolala kupitia mguu ule.

Kwenye faili la miguu, lile linaloiambia FPGA kazi ya kila mguu, hakikisha mguu umeutaja kuwa wa kuingiza, wa volti 3.3. Mguu uliosahauliwa hausikii.

Jambo la mwisho, gusisha sumaku kwenye nyaya zako za majaribio. Zangu za sokoni zilinaswa: chuma kilichopakwa shaba, katika mji wa shaba! Zinakatikia ndani ya plastiki bila kuonekana. Nilichuna kebo ya zamani ya simu ya mezani, nikakata vipande vya sentimita 15.