Muulize Mhandisi: Ufa unaofunguka kiangazi, unafunga masika

Swali: Shikamoo mhandisi. Nyumba yangu ina miaka sita, ukuta wa chumba cha watoto umepata ufa unaanzia kona ya dirisha unashuka mshazari mpaka chini, fundi kaziba na simenti mara tatu na kila mara unarudi palepale. Juzi wamekuja vijana wa chuo wanaosoma masters wakaomba kuchimba shimo nyuma ya nyumba, wakatoa donge la udongo wakalipaka nta pande zote, wakaondoka nalo wamelibeba kama keki ya harusi. Wakaniuliza maji ya bafuni yanaenda wapi na mwarobaini nimeupanda lini. Sasa mwarobaini na ufa wapi na wapi? Fundi anasema simenti ilikuwa chache, jirani naye ana maneno yake. (Mama Neema, Kibaha)

Jibu: Marahaba Mama Neema, na asante sana kwa kuwaruhusu hao vijana, maana wengi huwa wanawafukuza. Hebu kumbuka, huo ufa mwezi wa tisa unakuwaje na mwezi wa tano unakuwaje? Kama kiangazi kikikolea sarafu ya mia inaingia, halafu masika yakishanyesha hata ukucha haupiti, basi hilo sio suala la simenti wala la mkono wa mtu, ni udongo unavimba na kusinyaa. Na Kibaha hilo linajulikana, chuo kikuu cha KTH kule Stockholm mwaka 2008 kilitoa tasnifu nzima ya udaktari kuhusu majengo na udongo unaovimba wa hapohapo Kibaha.

Udongo huo una madini yanaitwa montmorilonaiti, vipande vyembamba mno vimepangana kama kurasa za kitabu, maji yakiingia katikati ya kurasa kitabu kinanenepa, yakitoka kinakonda. Wanaoumia zaidi ni sisi wenye nyumba za chini, kwa sababu ghorofa lina uzito wa kuukandamiza udongo usinyanyuke, nyumba ya vyumba vitatu yenye msingi wa kina cha goti haina.

Ile nta ni ya kuzuia unyevu usipotee njiani. Wakifika maabara wanakata kipande cha duara wanakibana ndani ya pete ya chuma, wanaweka uzito juu kama wa nyumba yako, wanamwaga maji halafu wanakaa kusoma kimepanda milimita ngapi, na ni kazi ya siku nyingi. Njia ya kupima pete mbili, moja imelowa moja haijalowa, ilitoka Afrika Kusini kwa watafiti Jennings na Knight mwaka 1957, enzi ambazo nyumba za kwenye migodi ya dhahabu ya jimbo la Free State zilikuwa zinapasuka hivihivi. Kuna na kipimo chepesi: mililita 10 za udongo mkavu uliosagwa unazimwaga kwenye silinda ya maji, kesho yake unasoma. Ukikuta zimefika 20 au zaidi, hapo usijenge kienyeji.

Sasa mwarobaini. Mti unanyonya maji upande mmoja wa nyumba, udongo wa upande huo unasinyaa na kona inashuka, huku maji ya bafuni yakimwagika upande wa pili yanauvimbisha na kunyanyua kona nyingine, ukuta uko katikati utafanyaje? Kwa hiyo yahamishe hayo maji kwa bomba yaende mbali na msingi, weka gata, zungushia nyumba sakafu ya zege yenye mteremko wa kuelekea nje. Mwarobaini usiukate haraka, udongo uliozoea kunyonywa ukiachiwa ghafla nao unavimba, waulize kwanza hao vijana. Na usizibe ufa sasa hivi! Chora mstari wa penseli ncha ya ufa inapoishia, andika tarehe, rudia kila mwezi. Vipimo hivyo wape hao vijana, havipatikani maabara yoyote.

Inaniuma sana watu wanamaliza akiba ya miaka kumi kwenye tofali halafu kipimo cha udongo wanakiona anasa.

Swali: Nimemaliza form six PCM, utafiti wa udongo ni misingi ya nyumba tu? (Kijana wa Mwanza)

Jibu: Hapana mdogo wangu, upande wa mazingira ni mkubwa na watu ni wachache. Agosti 2024 dampo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mlima wa taka una hesabu ileile ya mlima wa udongo, maji yakijaa ndani yanasukuma, vitu vinaacha kushikana, unateleza. Na yale maji meusi yanayotoka chini lazima yazuiwe yasifike visimani, mara nyingi kwa tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa, yaani ndugu wa udongo unaomsumbua Mama Neema ndiye anayelinda kisima. Anza na digrii ya uhandisi wa ujenzi, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo, ukifika mwaka wa tatu omba field kwenye maabara ya udongo hata kama wenzako wote wanakimbilia saiti za maghorofa.