Injini iliyokataa kuzima

SWALI: Mzee Fundi, assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa mashua ya mizigo, Lamu kwenda Faza. Juzi tukiukaribia mlango wa Mkanda, injini ya dizeli ilipanda mwendo yenyewe. Nikavuta waya wa kuzimia, wapi! Nikafunga koki ya dizeli, ikazidi kupiga mayowe, moshi wa buluu umetanda. Mwisho ikakwama kwa kishindo. Asubuhi ile fundi alikuwa ameibadilisha oili. Dereva mmoja wa lori aniambia ningetia gia ingezima. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Huyo dereva kasema kweli ya lori. Lori lina breki, na magurudumu yameshika barabara. Wewe ukitia gia, propela itachapa maji na mashua itakurukia mikokoni. Ila kama gia imo tayari, usiitoe! Ukiipunguzia mzigo ndipo inapopaa. Shika usukani, elekea maji mapana, watu wote wahamie omo, kwani chuma kikipasuka huruka.

Sasa, kwa nini koki haikusaidia? Injini ilikuwa haili dizeli tena, inakula oili yake. Oili ikizidishwa, mtaimbo unaozungushwa na pistoni huichapa ikawa ukungu, ukapanda kwa bomba la kupumulia na kuingia njia ya hewa. Ringi za pistoni zilizokwisha huleta balaa hilo hilo, na sili ya taabo, ile feni ya kusukumia injini hewa, vilevile. Koki ifunge, maana pengine ni pampu iliyokwama, lakini usisimame kungoja.

Dawa ni kuinyima hewa. Chukua ubao mnene, ukate leo uenee mdomo wa hewa filta ikiwa imetolewa, uutundike kwenye msumari karibu na injini. Siku hiyo ng'oa filta, ubandike, ukandamize. Mkono usithubutu kuuweka. Wala tambara, litavutwa ndani. Mtungi wa zimamoto wa gesi ya kaboni dioksidi nao hufaa, upulize mdomoni mwa hewa, lakini si ndani ya chumba kilichofungwa nawe umo, gesi ile hukata pumzi. Injini ndogo za kupigwa hendeli zina kile kishikio cha juu cha kuachia mgandamizo: kiinue. Na kama moto au moshi umekuzuia kuufikia mdomo, iache ijiue. Injini hununuliwa.

Ikishazima, usifungue kifuniko chochote hadi ipoe kabisa. Mvuke wa oili ya moto ukikutana na hewa unaweza kulipuka usoni.

Yako imeshakwama, basi fundi aifungue atazame pistoni, na oili aliyotia ipimwe mbele yako. Baada ya hapo chomoa kijiti cha kupimia oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiona oili imepanda nawe hukuongeza, inuse: ikinuka dizeli, pampu inavujia ndani, na usiondoke gatini.