Vocha za zawadi kutumika kabla mwenyewe hajafika

Habari ndugu. Vocha unazouza mtandaoni zinatumiwa na wengine kabla mnunuzi hajafika saluni. Angalia namba kwanza: zikifuatana, VZ0041, VZ0042, aliyenunua moja ameshazijua zote. Weka herufi na tarakimu 12 zisizo na mpangilio, ukiacha O na 0, I na 1, maana watu huzichanganya.

Usitume vocha kwa kuonyeshwa SMS ya M-Pesa, hughushiwa kirahisi mno! Fungua miamala ya till yako (namba ya kupokelea malipo), linganisha namba ya muamala na kiasi. Aliyelipa kwa kadi, vocha yake iwashwe baada ya saa 24; kadi ikiwa ya wizi, benki inaweza kukukata wewe fedha hiyo.

Matawi mawili? Yatumie orodha moja ya vocha, na vocha ifungwe, yaani iandikwe imetumika, kabla mteja hajakaa kitini. Picha ya skrini ya vocha husambaa, wawili wakaja na vocha ileile.