Maswali ya sauti: chunguza waya kabla hujanunua amplifaya nyingine

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya sentensi moja: "Nimeunganisha kompyuta na amplifaya, sauti mbaya, nifanyeje?" Umetumia waya gani? Umeuchomeka tundu lipi? Kelele ni mngurumo, mluzi au mkwaruzo? Swali lisilo na hayo silijibu, maana nitakuwa nabahatisha na wewe utanunua kitu usichokihitaji. Nimechagua haya yenye maelezo.

Swali: Nikichomeka chaja ya laptopu, spika zinanguruma. Nikiichomoa, kimya. Rafiki yangu anasema nikate mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Ni sawa?

Usikate. Mguu ule uliwekwa ili siku waya wa moto ukilegea ndani na kugusa bodi ya chuma, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike. Ukishaukata, amplifaya itapiga muziki vizuri tu, hutaona tofauti yoyote, hadi siku hiyo ifike na mkono wako ndio uwe njia ya umeme. Nimeshalisema hili mara nyingi na bado kuna mafundi wanaoukata na kulipwa. Anayekupa ushauri huo usimpe kazi nyingine ya umeme nyumbani kwako.

Sasa kelele yenyewe. Kipimo kikubwa umeshakifanya: umechomoa chaja, ikaisha. Kompyuta inafika kwenye ethi kupitia chaja, amplifaya inafika kwenye ethi kupitia plagi yake, na waya wa sauti umeziunganisha hizo mbili, mduara ukafunga. Volti za ethi mbili hazilingani sawasawa. Hiyo tofauti ndogo inasukuma umeme kwenye ngao ya waya wa sauti (nyuzi za chuma zinazouzunguka kwa nje), na amplifaya inaukuza kama inavyokuza muziki. Mngurumo mzito ni umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi, au mara mbili ya hapo. Ukisikia mluzi mwembamba unaobadilika kila ukisogeza kipanya, hizo ni kelele za ndani ya kompyuta zinazopita njia hiyohiyo.

Anza na tiba ya bure: chaja na amplifaya zichomeke kwenye ekstensheni moja. Kama amplifaya ina waya wa antena au wa televisheni, uchomoe ujaribu, kwa sababu nao huleta ethi yake. Isipotosha, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, kati ya kompyuta na amplifaya. Sauti inavuka kwa sumaku, mduara unakatika upande wa sauti, na ethi ya usalama inabaki mahali pake. Sikiliza besi kabla hujalipa, kwani transfoma duni huila. Na kama kompyuta na amplifaya zote zina tundu la sauti ya mwanga (optical), tumia hilo usahau habari ya mngurumo, kwa kuwa mwanga haubebi umeme.

Swali: Sauti haitoki kabisa tangu niunganishe skrini kwa HDMI.

Kompyuta inaipeleka sauti kwenye skrini. Bofya alama ya spika, uchague tena tundu la hedfoni.

Swali: Vyombo nasikia, lakini mwimbaji amepotea, umebaki mwangwi wake tu. Nimebadilisha spika na bado.

Spika ulizibadilisha bure, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: mtu anatoa pesa kununua spika kabla hajasukuma pini ikaingia hadi mwisho. Pini ya stereo ina sehemu tatu. Ncha ni kushoto, mkanda wa kati ni kulia, na shina ni waya wa pamoja wa kurudi. Shina lisipogusa, kinachofika kwenye amplifaya ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Vinabaki vyombo vya pembeni na mwangwi. Sukuma pini, toa kava la laptopu kama linaizuia, safisha vumbi tunduni, kisha jaribu waya mwingine.

Wanaotumia miksa hupata tatizo hilo bila pini kulegea. Zipo nyaya zenye pini moja ya stereo upande huu na XLR moja (plagi ya duara yenye pini tatu, kama ya maiki) upande wa pili, kushoto kukiwa pini namba 2 na kulia namba 3. Tundu la XLR kazi yake ni kupima tofauti kati ya namba 2 na 3, basi mwimbaji anafutika vilevile, na rekodi ya mono, yaani iliyo sawa kushoto na kulia, inatoweka yote. Waya huo usiununue. Chukua unaogawanyika mara mbili, utumie chaneli mbili za miksa, au pitisha sauti kwenye boksi la DI, kisanduku kinachoigeuza sauti ya kompyuta ifae tundu la XLR.

Swali: Nimechomeka waya wa kompyuta kwenye tundu la PHONO la amplifaya, sauti inakwaruza na besi imezidi.

Hamia AUX, CD au LINE. PHONO ni ya santuri: inatarajia milivolti chache (milivolti ni sehemu moja ya elfu ya volti), na inaongeza besi makusudi kwa sababu santuri hurekodiwa ikiwa na besi iliyopunguzwa. Kompyuta inaweza kuipa volti nzima.

Swali: Sauti ya kompyuta niweke ngapi, na ya amplifaya ngapi?

Kompyuta iwe juu, asilimia 80 hadi 90, kisha sauti uiongoze kwa amplifaya. Ukiweka kompyuta 20 na amplifaya mwisho, unakuza mchakacho. Na hapa niseme ambalo hukuuliza: zima programu za kuongeza besi na zile zinazoahidi sauti ya asilimia 200. Zinakata vilele vya sauti, amplifaya inasukumwa kupita uwezo wake, na twita, spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo zinazoungua kwanza. Ukisikia mkwaruzo, punguza papo hapo.

Swali: Nikipigiwa simu kwenye kompyuta, muziki unashuka wenyewe.

Ni Windows, inapunguza sauti nyingine kwa asilimia 80. Kwenye mipangilio ya sauti ya zamani, ukurasa wa Communications, chagua Do nothing.

Swali: Kwa Bluetooth, midomo kwenye video inatangulia sauti.

Tumia waya.

Swali: Naweza kutoa waya kwenye matundu ya spika ya amplifaya nikauingiza kwenye maiki ya kompyuta ili nirekodi?

Hapana, hata kwa kujaribu tu. Tundu la maiki hupokea milivolti chache tu. Matundu ya spika hutoa volti nyingi, makumi ukifungulia. Tena kwenye amplifaya nyingine tundu jeusi si ethi, nalo lina umeme, na ukiliunganisha na kompyuta unaweza kuua mashine zote mbili. Angalia nyuma ya amplifaya kama kuna REC OUT au TAPE OUT, upeleke sauti kwenye LINE IN, tundu la bluu kwenye kompyuta nyingi za mezani. Laptopu nyingi hazina tundu hilo, kwa hiyo tafuta kadi ya sauti ya USB iliyoandikwa LINE IN, si ya maiki peke yake.