Kiwewe cha vita kinatibika

Dada uliyeuliza kama kaka yako, aliyerudi kutoka Somalia akiwa hapati usingizi na anashtuka kila mlango unapogongwa, ni mdhaifu au amerogwa: jibu ni hapana kwa yote mawili; huenda ni kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na mambo ya kutisha. Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011, na wapo walioshuhudia wenzao wakiuawa kambini, kama ilivyotokea El Adde tarehe 15 Januari 2016. Akili iliyozoea kungoja shambulio usiku kucha haiachi kungoja kwa sababu tu mwenyewe amefika nyumbani. Ndiyo maana tukio humrudia kana kwamba linatokea upya, hasira hupanda haraka, naye hukwepa watu na mazungumzo yanayomkumbusha.

Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumvurugia kazi au ndoa, aonwe na daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia aliyesomea kiwewe. Inanisikitisha kwamba askari wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa waoga, ilhali tiba ipo: ile ya mazungumzo, ambamo mgonjwa husaidiwa hatua kwa hatua kuzikabili kumbukumbu zake, ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi, na dawa kama sertralini huwafaa baadhi yao wakiandikiwa na daktari. Pombe huzidi kuharibu usingizi. Msimlazimishe kusimulia vita mbele ya jamaa. Akitamka kwamba anataka kujiua, asiachwe peke yake, silaha ziondolewe, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.