Nani wa pili kwa makombe ya Klabu Bingwa Afrika: Zamalek au Mazembe?

Wamelingana, matano kwa matano. Zamalek: 1984, 1986, 1993, 1996, 2002. Mazembe: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Al Ahly yuko peke yake juu, makombe 12, la mwisho 2024. Esperance ya Tunis inafuata na manne.

Ubishi huu huzaliwa kwa sababu wengine huhesabu tangu 1997 tu, michuano ilipoitwa Ligi ya Mabingwa. Ukihesabu hivyo Ahly anabaki na 10, Mazembe 3, Zamalek 1. CAF, shirikisho la soka la Afrika, huunganisha zote tangu fainali ya kwanza ya 1965, aliyobeba Oryx Douala. Pia makombe mawili ya kwanza ya Mazembe usiyatafute kwa jina hilo: walikuwa wakiitwa Englebert, klabu ileile ya Lubumbashi.

Ukitaka kuwatenganisha kwa fainali, Zamalek wamecheza nane, wakapoteza tatu; Mazembe wamecheza saba, wakapoteza mbili. Hapo hakuna sare! Ila Kombe la Washindi msilichanganye humu. Yale manne ya Ahly (1984, 1985, 1986, 1993) ni ya mashindano mengine kabisa.